Uzi: Tuliozaliwa tarehe 7 Aprili, tumepanga na nani humu ndani?

Kibokoni88 (mwenye uzi)

Assalamu alaykum, na wengine wote hamjambo.

Kitambulisho changu kinasema nimezaliwa tarehe 7 Aprili 1988. Siku hiyo ikifika hupongezwa na watu watatu: mamangu, dadangu wa Bondeni, na kampuni ya simu, ambayo pongezi zake huja zimeshikana mkono na ukumbusho wa deni la salio. Sijawahi kuifanyia hafla. Lakini juzi nilikuwa kwa fundi cherehani namngoja amalize pindo la kanzu, umeme ukakatika, mota ya cherehani ikanyamaza, na mimi sina la kufanya ila simu. Nikaitafuta tarehe yangu. Yakhe, chumba kimejaa!

Kumbe Vasco da Gama alitia nanga hapa petu Mombasa tarehe 7 Aprili 1498. Mzee Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, aliuawa Unguja tarehe 7 Aprili 1972. Mauaji ya kimbari ya Rwanda yalianza tarehe 7 Aprili 1994. Shirika la Afya Duniani nalo katiba yake ilianza kufanya kazi siku hiyo mwaka wa 1948, ndiyo maana ni Siku ya Afya Duniani. Na wa kuzaliwa ni Jackie Chan, Hong Kong, 1954.

Kwa Jackie Chan nilicheka peke yangu mpaka fundi akauliza kulikoni. Siye tuliokulia Mji wa Kale miaka ya tisini tulikuwa tukilipa shilingi tano kwenye banda la video kumwona akiruka ghorofa hii hadi ile, halafu tunarudi nyumbani kuvunja vitanda vya mama zetu. Kisha macho yakarudi kwa Rwanda, kicheko kikakata.

Sasa swali langu. Mtu aliyezaliwa siku yenye mambo haya yote anaishikaje? Na kuna mwenzangu yeyote humu wa tarehe hii? Nimejihisi kama mpangaji aliyegundua majirani zake baada ya miaka thelathini na kitu.

(Nyanya yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiniita Shaabani. Si jina langu na sikupata kumuuliza sababu. Nimelikumbuka tu nikiandika haya, maana yeye hakunipongeza hata siku moja tarehe hiyo.)

Mjukuu_wa_Unguja

Mimi si wa tarehe hiyo ila baba yangu aliipa uzito. Katoka Unguja, akaoa Kisauni, akafia Kisauni. Kila tarehe 7 Aprili redio yake ilikuwa haiondoki stesheni ya Zanzibar tangu asubuhi. Karume aliuawa jioni ya Ijumaa, pale makao makuu ya chama chake cha ASP (Afro-Shirazi), Kisiwandui. Tanzania nzima ni mapumziko siku hiyo, bara na visiwani.

Lakini tuseme kweli, hapa Mombasa jina lile halipokewi sawa kila nyumba. Kuna waliokuja huku baada ya mapinduzi ya 1964 na masanduku mawili. Kichochoro chetu kilikuwa na nyumba mbili zinazotazamana: huku kunasomwa dua ya marehemu, kule wamefunga dirisha. Na sahani ya biriani Ijumaa ilivuka kichochoro kama kawaida, maana wanawake walikuwa na habari zao wenyewe.

Kichekesho: mwaka 2023 Ijumaa Kuu iliangukia tarehe 7 Aprili. Binamu zangu wa Dar walilia. Sikukuu mbili zimekaa kiti kimoja, na kazini wamepata mapumziko ya siku moja tu.

KwaHesabuTu

Kibokoni, usijione wa ajabu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 kaunti ya Mombasa. Gawanya kwa siku za mwaka unapata kama watu 3,300 kwa kila tarehe. Mna watu wa kujaza mabasi hamsini na zaidi, na hata hamjuani.

Na kingine ambacho wanafunzi wangu huwa hawakiamini mpaka tukijaribu: ukikusanya watu 23 tu chumbani, uwezekano wa wawili kuwa na siku moja ya kuzaliwa umepita nusu. Darasa la 30 ni kama 70 kwa mia. Hata matatu ya abiria 14 ni kama 22 kwa mia, yaani karibu gari moja katika kila tano kutoka Docks hadi Bamburi. Sababu ni kwamba huhesabu watu, unahesabu jozi, na watu 23 wana jozi 253. Ila ukitaka mtu wa tarehe *yako* wewe, hapo utahitaji watu 253 ili ufike nusu hiyo. Humu jukwaani tuko wangapi?

Mwalimu_wa_Tarekhe

Umemtaja Vasco kwa mstari mmoja ukampita. Haiwezekani, mwanangu. Mombasa ikae juu ya siku ile tupite tu?

Kuna daftari la safari liliandikwa na mtu aliyekuwa ndani ya msafara, jina lake halikuhifadhiwa kwa yakini. Anasema walifika Jumamosi, wakatia nanga nje, hawakuingia bandarini. Waliona vyombo vyetu vimepambwa bendera, na wao kwa kutotaka kushindwa wakapandisha zao. Usiku wa manane chombo kikawajia na watu kama mia, wana majambia na ngao, wanataka kupanda merikebuni. Vasco akakubali wanne watano tu, wakubwa wao.

Kesho yake, Jumapili ya Matawi, mfalme wa Mombasa akapeleka kondoo, machungwa mengi, malimau, miwa, na pete ya kuwa alama ya amani. Vasco akajibu kwa shada la marijani. Wareno wawili wakateremka, wakatembezwa mjini, wakarudi na sampuli za karafuu, pilipili manga, tangawizi na nafaka. Na mwandishi anakiri kwamba wagonjwa wao wote walipata nafuu hapa kwa sababu hewa yetu ni nzuri. Walikuja wanatoka damu kwenye fizi, wakapona kwa upepo wetu (mimi nasema kwa machungwa yetu), na shukrani zake tunazijua.

Jumanne wakang'oa nanga waingie ndani. Merikebu ya Vasco ikakataa kugeuka, ikaigonga iliyokuwa nyuma yake. Katika fujo ile wenyeji waliokuwamo wakakimbilia mashua iliyofungwa nyuma ya merikebu, na marubani waliochukuliwa Msumbiji wakajitupa majini. Usiku Vasco akawatesa wawili aliobaki nao kwa kuwadondoshea mafuta yanayochemka, akitaka waseme kuna hila gani. Usiku huohuo waogeleaji wa Mombasa wakaenda kimyakimya kukata kamba za nanga za ile merikebu ndogo, *Berrio*. Walinzi waliona kitu kinajigeuza majini wakadhani ni jodari. Wakaachilia. Mpaka walipotambua kuwa jodari yule ana mikono ndipo makelele yakaanza.

Mimi kila nikifundisha kisa hichi husimama hapo kwa jodari. Watoto hawasahau.

Ijumaa tarehe 13 wakaondoka kwenda Malindi.

NahodhaMzee

Mwalimu umesimulia vizuri lakini umesahau mwezi. Watu wa vitabu husahau mwezi.

Nimekaa na kalenda zangu jana baada ya isha. Tarehe 7 Aprili ya mwaka ule kwa Hijria ni Shaaban ya 903, na kwa hesabu inaangukia tarehe 14, siku moja mbele au nyuma kwa ajili ya mwandamo. Sasa nyote mnajua kwetu siku huanza magharibi. Jua likizama Jumamosi, usiku ule si wa Jumamosi tena, ni usiku wa Jumapili. Kwa hiyo usiku walipofikiwa na wale watu mia, Mombasa ilikuwa katika usiku wa kumi na tano. Nisfu Shaabani, usiku wa katikati ya Shaaban! Mji mzima uko macho, Yasini zinasomwa, mwezi umejaa kama sinia.

Na mwezi ukijaa maji ni bamvua. Hapa petu bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na mkondo mlangoni si wa kuchezea chombo usichokijua. Merikebu ile kukataa kugeuka siku tatu baadaye mimi silaumu hila ya mtu. Angengoja maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, angeingia taratibu. Lakini mgeni hakuuliza.

Bendera zile pia nina dhana yangu: huenda ni za sherehe ya siku hiyo. Nakisia tu.

Mwalimu_wa_Tarekhe

Hilo la bendera, mzee wangu, nakuomba tuliache kuwa kisio. Mwandishi hakutaja sababu. La mwezi nimelipenda mno.

KwaHesabuTu

Kabla hamjaenda mbali. Mwaka 1498 Wareno walikuwa wanatumia kalenda ya zamani, ya Juliasi. Kalenda tunayotumia leo ilianza 1582, Papa Gregori alipoamuru baada ya tarehe 4 Oktoba ifuate tarehe 15. Ukiirudisha nyuma kalenda ya leo, Vasco alifika tarehe 16 Aprili. Tofauti ni siku tisa kwa karne ile. Kwa hiyo, Kibokoni, yule si jirani yako. Mna namba moja ya nyumba, mtaa mbali.

Kibokoni88 (mwenye uzi)

Basi nimeponea. Kumkosa Vasco sioni hasara.

Mwanaparokia_Changamwe

Kama ni ya Wareno, kuna mwingine hamjamgusa. Mtakatifu Fransisko Xaveri alizaliwa tarehe 7 Aprili 1506, na alipanda merikebu Lisbon tarehe 7 Aprili 1541, siku anayotimiza miaka 35. Mwaka uliofuata chombo chake kikapita Malindi. Aliandika barua kwamba walimzika hapo mtu wao mmoja, na kwamba mkubwa mmoja wa Malindi alimlalamikia kuwa mji una misikiti kumi na saba lakini inayoswaliwa ni mitatu tu, je na kwenu Wakristo wanakwenda kanisani?

Nilimsomea paroko wetu kipande hicho, akasema lalamiko hilo angeweza kulitoa yeye Jumapili iliyopita.

KwaHesabuTu

Naye ni kalenda ya zamani. Siku kumi. Ila sitaki kuharibu.

Dereva_wa_Korido

Nasoma huku nimepanga foleni ya mizani Mariakani, samahani kwa makosa.

Swali la mwenye uzi kuhusu Rwanda mimi naweza kulijibu kidogo. Nimepeleka kontena Kigali miaka mingi, njia ya Malaba, Kampala, Gatuna. Mwaka wa kwanza sikujua tarehe. Nimeingia mjini asubuhi ya tarehe 7 Aprili, maduka yamefungwa, bendera nusu mlingoti, na mji ule ambao hata pikipiki zina nidhamu ukawa kimya zaidi. Mimi nimezoea kufungua muziki nikipakua. Nikafungua, taarabu, si kwa sauti kubwa. Mlinzi wa yadi akaja akasimama karibu na mlango wa gari. Hakusema kitu. Akaweka mkono juu ya bodi ya gari, hivi, kiganja bapa, kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Nikazima.

Baadaye tukala pamoja viazi na maharage. Akaniambia ndege ya rais ilidunguliwa usiku wa tarehe 6, na yeye alikuwa mtoto. Kilichofuata asubuhi hakunieleza na sikuuliza. Wanaita Kwibuka, kukumbuka. Wiki nzima ya kwanza ni ya maombolezo, na kumbukumbu inaendelea siku mia, kwa sababu mauaji yalikwenda siku kama mia.

Yule mlinzi binti yake alizaliwa tarehe 8. Keki wanaikata Julai.

Foleni inasogea.

Mjukuu_wa_Unguja

Dereva, fika salama.

Bi_Mkunga_Likoni

Nimekuwa muuguzi na mkunga miaka 34, nimestaafu. Kibokoni mwanangu, watoto wanazaliwa kila siku na wala hawaulizi redio inasema nini. Tarehe 7 Aprili 1994 mimi nilikuwa zamu, nilipokea watatu. Mmoja mguu mbele. Habari za Rwanda tulizipata baadaye sana.

Mimi tarehe hiyo naikumbuka kwa 2020. Siku ya Afya Duniani mwaka ule iliwekewa wauguzi na wakunga, yaani ilikuwa siku yetu siye. Jana yake, tarehe 6, Rais kasema kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi zitafungwa kuanzia Jumatano tarehe 8 saa moja jioni, hakuna kutoka wala kuingia. Kwa hiyo tarehe 7, Jumanne, ndiyo siku nzima ya mwisho watu kuwa huru kwenda makwao. Nilivuka feri alfajiri na barakoa niliyoishona kwa leso ya zamani, yenye jina nusu, linasomeka upande wa shavu. Usiku kafyu, barabara tupu, na mwezi ulikuwa mkubwa kuliko yote ya mwaka ule. Nauona mpaka leo juu ya kivuko, na feri zimelala.

Nahodha, na hapo pia ilikuwa katikati ya Shaaban, au nakosea?

NahodhaMzee

Hukosei, Bi Mkunga. Nisfu Shaabani ya 1441 ilikuwa siku hizo hizo. Tulisoma kila mtu kwake.

Bi_Mkunga_Likoni

Nina jambo jingine, Kibokoni, usinichukie. Ulizaliwa hospitali au nyumbani? Maana wa nyumbani wengi tarehe iliyo kwenye cheti si ya kuzaliwa. Ni ya siku baba alipopata nauli na nafasi ya kwenda kuandikisha. Karani anauliza "lini?", baba anasema "juzi juzi", karani ana watu ishirini mlangoni, anaandika ya leo.

Mmakonde_Kwale

Bi mkubwa kasema kweli tupu. Babu zetu walikuja kutoka Msumbiji kukata mkonge huku Kwale, na siye vitambulisho vya Kenya tumevipata juzi tu, baada ya matembezi ya kwenda Ikulu ya Nairobi 2016. Babangu aliulizwa siku ya kuzaliwa akasema mwaka, basi. Karani akamwandikia Januari mosi. Mamangu Januari mosi. Ami zangu wawili Januari mosi. Ukoo mzima umezaliwa siku moja kama vifaranga. KwaHesabuTu, hesabu yako ya watu 23 ijaribu kwetu uone.

Na kwa kuwa mko tarehe 7 Aprili: Msumbiji ni sikukuu ya wanawake. Josina Machel, mpigania uhuru wa chama cha Frelimo, alifariki siku hiyo 1971, Dar es Salaam, hajafika miaka 26. Nyanya yangu alikuwa akifunga kitambaa chekundu siku hiyo na hafanyi kazi ya shamba. Hakuwa anajua kusoma, lakini siku hiyo haikumpita.

KwaHesabuTu

Januari mosi imenishinda. Nitaitaja darasani.

Kibokoni88 (mwenye uzi)

Bi Mkunga, maneno yako yamenikosesha usingizi. Leo baada ya Ijumaa nimekwenda kwa mamangu nikamkuta anakuna nazi. Nikamuuliza, mama, mimi nilizaliwa wapi? Akasema, hapa hapa chumba cha nyuma, kwa mkono wa nyanya yako. Nikamuuliza, tarehe 7 Aprili? Akaendelea kukuna. Kisha akasema, "Hiyo ni ya babako."

Kisa chenyewe: nilizaliwa usiku, nyumba imejaa watu wamekuja kusoma Nisfu Shaabani, yeye uchungu umemshika katikati ya Yasini ya pili. Anakumbuka pia zilikuwa siku za Pasaka, maana babangu alitoka siku ya pili kwenda kuandikisha akakuta ofisi imefungwa. Akarudi, imefungwa. Kisha akaenda kazini, alikuwa makuli bandarini na meli ilikuwa imeingia. Alipopata nafasi ni Alhamisi. Karani akaandika Alhamisi.

Halafu mama akanawa mikono, akaingia ndani akatoka na msahafu wa nyanya, ule wenye jalada lililoshonwa kwa uzi wa mkeka. Ndani ya jalada kuna maandishi ya kalamu ya wino, herufi za Kiarabu, Kiswahili kitupu. Majina ya watoto wote wa nyumba ile na nyakati zao. Wangu umeandikwa: usiku wa nisfu Shaabani, 1408, mtoto mwanamume. Wino umevuja kidogo kwenye "mwanamume".

Shaabani. Miaka yote hiyo ananiita siku yangu na mimi nadhani kakosea jina.

KwaHesabuTu

Subiri. Nimeangalia. Pasaka ya 1988 ilikuwa tarehe 3 Aprili, Jumapili. Ijumaa Kuu tarehe 1, Jumatatu ya Pasaka tarehe 4, ofisi zimefungwa kweli. Tarehe 7 ilikuwa Alhamisi. Na Nisfu Shaabani ya 1408 inaangukia hapo hapo, tarehe 1 au 2 usiku. Mamako hakukosea hata nukta.

Kwa hiyo huna Karume, huna Shirika la Afya, huna Jackie Chan. Pole.

Kibokoni88 (mwenye uzi)

Jackie Chan ndiye ameniuma.

NahodhaMzee

Mwanangu Shaabani, ngoja. Vasco uliyesema umemponea, yeye alitia nanga lini kwa kalenda yetu?

Kibokoni88 (mwenye uzi)

Lahaula.